Mikono Iliyofungiwa

Wateja wangu wengi wakiingia dukani huwasha kompyuta kwanza. Wanataka kuona taa, wanataka kusikia ule mlio. Mwalimu hakuwahi kuwasha. Aliigeuza mashine tumbo juu kama mtu anayenunua kuku wa mayai, akachomoa bisibisi kwenye mfuko wa shati, pale ambapo walimu wengine huweka kalamu, na kuniuliza, "Skrubu hizi ni za kawaida, au ni zile za nyota?"

Zikiwa za nyota aliirudisha mezani, hata ningemshushia bei mpaka nilie mwenyewe.

"Mae, kitu nisichoweza kukifungua si changu," aliniambia, akiniita mama kwa Kichaga. "Hapo utakuwa umenikodisha tu."

"Sasa Mwalimu, unanunua kompyuta au unanunua skrubu?"

"Nanunua siku itakapokufa."

Nauza kompyuta zilizotumika, Moshi mjini, nyuma ya soko. Ni biashara isiyotaka imani. Mzigo ukiingia nauhesabu, halafu nauhesabu tena mwenye mzigo akiwa bado amesimama mbele yangu. Mwalimu alikuwa akifungua mashine yangu mezani, anachungulia, anairudishia, na skrubu zote zinabaki mahali pake. Nilizihesabu siku ya kwanza. Siku ya pili pia, kwa sababu siku ya kwanza inaweza kuwa bahati.

Kwanza alifundisha jiografia, huko Kirua Vunjo, kisha akahamia kwenye kitengo cha watoto viziwi. Mke wake alikuwa kiziwi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alijifunza lugha ya alama kwa shida, na mpaka mwisho mke wake alimcheka kwamba anaongea kwa mikono kama mtu mwenye ugali mdomoni. Kamusi za alama zilizokuwa zikiletwa shuleni zilitoka mjini na zilikuwa na maneno ya mjini. Viziwi wa huku mlimani walikuwa na ishara zao za mambo yao: pombe ya mbege, shamba la ukoo tunaloliita kihamba, jani la isale unalolibeba ukienda kuomba radhi kwa mtu uliyemkosea. Ishara hizo hazikuwa zimeandikwa popote. Mke wake alikuwa nazo zote.

Basi akaanza kumchora. Ng'ombe wakishakamuliwa, mama yule aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaweka mkono hewani, akautuliza. Mwalimu akauchora kwenye kompyuta. Mkono ukasogea kidogo, akauchora tena. Hivyo hivyo, miaka. Kikatoka kitu cha ajabu: mtoto anagusa neno, na mkono unatokea na kulisema. Mwalimu alikiita kamusi. Kwenye ukurasa wa mwisho, baada ya herufi Z, aliweka majina, maana viziwi hukupa jina lao la mkono, si hili la kubatizwa. Jina la kwanza pale lilikuwa lake yeye, lile alilopewa na mkewe.

"Likoje?" nilimuuliza wakati fulani.

"Utaliona kamusi ikiisha."

Sikuuliza tena. Mtu akikataa kutaja bei, unamwacha, anarudi mwenyewe.

Mke wake alikufa kwa kifua, masika, barabara ikiwa imegeuka uji na gari limekwama chini ya kanisa. Akazikwa kwenye kihamba, nyuma ya zizi. Watoto wa kitengo walikuja, wakasimama kwenye mvua wakiimba kwa mikono. Alichoachiwa Mwalimu ni ile kamusi. Picha za harusi alikuwa nazo mbili, lakini picha haisogei, na mama yule alikuwa mtu wa kusogea.

Kamusi ile aliijenga kwa programu ya kampuni moja ya ng'ambo. Enzi hizo ndiyo iliyotumiwa na kila aliyetaka mchoro utembee kwenye kompyuta. Ilihitaji kijiprogramu cha kampuni hiyohiyo, cha kupachika ndani ya kivinjari. Bila hicho hakichezi kitu. Kampuni ikatangaza mapema kabisa kwamba itakiua. Mwalimu alisoma tangazo, akalichukulia kama tunavyochukulia matangazo ya kukatika umeme: lipo, ila si leo.

Kisha ikawa leo. Alifungua kamusi akakuta kiboksi cha kijivu. Kaburi nyuma ya zizi lilikuwa bado halijaota nyasi vizuri.

Aliniambia habari hiyo akiwa amesimama mlangoni pangu, bila kuingia. "Wamemzika mara ya pili," alisema. "Safari hii hawakunialika."

Kosa la kwanza alilifanya kwa haraka ya msiba. Kampuni nyingine ilikuwa inauza programu iliyoahidi kuhamisha kazi yote kwa kitufe kimoja. Aliinunua, na kweli ikahamisha. Ila ilihifadhi kila kitu kwa mtindo wake yenyewe, ikaifuta michoro ya awali ya Mwalimu, na kila ilipofunguliwa ilikwenda kwanza mtandaoni kuomba ruhusa kwa wenyewe. Baadaye kampuni hiyo nayo ikanunuliwa, na kule ilikokuwa ikiomba ruhusa pakafungwa. Michoro ikaondoka nayo. Kilichobaki kilikuwa nakala moja iliyokwisha kupikwa, ya kutazama tu, ndani ya kompyuta kubwa ya mezani niliyomuuzia zamani, ambayo haikuwahi kuunganishwa na intaneti.

"Nilimtoa jela moja," alisema, "nikamwandikisha nyingine."

Tangu hapo alichagua zana kama watu wa huku wanavyochunguza ukoo wa mchumba. Siku za soko alishuka mjini na kupanda kwa vijana wanaotengeneza tovuti ghorofa ya juu ya duka langu. Nilikuwa nampeleka mwenyewe, maana vijana wale wana lugha zao.

"Meku, chukua hii," mmoja alimwambia, akimwita mzee kwa Kichaga. "Kila mtu anatumia hii. Unashusha tu, inakufanyia kila kitu."

Ikashuka. Ilikuwa inashuka tulipoagiza chai, ilikuwa inashuka tulipomaliza. Mwalimu akavaa miwani, akatazama folda.

"Mafaili yote haya ni ya nani?"

"Ya watu mbalimbali, meku. Duniani huko. Huna haja ya kuwajua."

"Wote ni wazima?"

Kijana akacheka. Mwalimu akasubiri amalize. "Nauliza hivi: mmoja wao akifa, au akinuna tu akaondoa cha kwake, mkono wangu utaendelea kutembea?"

"Hiyo inategemea."

"Ahsante kwa chai," Mwalimu akasema, na kumbe chai nilikuwa nimelipa mimi.

Kila zana aliiuliza swali moja: nikifa leo, kesho mtu ataifungua kazi hii kwa kitu gani? Jibu likiwa na jina la kampuni, alishuka ngazi. Mwishoni alibaki na vitu vya kila mtu. HTML iwe mifupa ya ukurasa. CSS itembeze mkono. JavaScript kidogo, pale tu mtoto anapogusa neno. Na mikono yenyewe iwe michoro inayoandikwa kwa namba na maneno ndani ya ukurasa, ambayo kivinjari chochote kinaisoma na kuchora. Aliandika yote kwa kile kihariri cha maandishi kisicho na mapambo kinachokuja na kompyuta yoyote. Vijana wa juu walimwonea huruma. Mimi nilimwelewa. Mzigo ukiwa wazi, hata adui yako anaweza kuuhesabu.

"Havina mwenyewe hivi," alinieleza. "Ni makubaliano. Watu wamekaa wakakubaliana mstari maana yake mstari. Ni mfongo huu, mae. Maji yanapita kwa kila mtu, na kila mtu anajua zamu yake."

Mfongo ni mfereji wetu wa maji, uliochimbwa na mababu kutoka mtoni hadi vihambani, na kila mwaka wenye zamu wanakwenda kuusafisha kwa majembe. Asiyekwenda analipa faini ya pombe. Nilikuwa na shangazi jirani yake, na kwa shangazi nilipata habari kwamba Mwalimu hakuwa ameonekana na jembe kwenye mfongo tangu sijui lini. Siku ya kazi alituma ndoo ya mbege asubuhi na mapema, faini kabla ya kosa, na salamu kwamba ana shughuli. Wazee walikunywa na kumsema.

Nikampelekea maneno hayo kama yalivyo. "Wanasema unahubiri mfongo hujawahi kushika jembe."

"Mbege walisemaje?"

"Walisema nzuri."

"Basi."

Ndivyo alivyokuwa, na ndipo penye uchungu. Mwalimu mwenzake wa viziwi alitoka Sanya Juu, siku nzima barabarani, kuja kuomba nakala ya kamusi wakati bado inacheza. Akamkatalia. Alisema haijaisha, hajaisahihisha. Yule mwalimu akasema atachukua hata ikiwa na makosa, watoto wake hawana kitu. Mwalimu akampa chakula, akampa ndizi za kubeba, akamsindikiza mpaka barabarani. Kamusi hakumpa. Nilipomuuliza kama angalau ana nakala mahali pengine, aliniambia anayo: ndani ya kompyuta ileile, kwenye folda nyingine. Nilidhani anatania.

Kazi ya kuhamisha aliifanya hivi. Alichukua nailoni ngumu ya kufunikia madaftari, akaichora miraba, akaibandika kwenye kioo cha kompyuta ya zamani. Anachezesha ishara, anaisimamisha, kisha anasoma kila kiungo cha kidole kama anavyosoma ramani darasani: mashariki kwanza, kaskazini baadaye. Namba anaziandika kwenye laptopu. Anasogeza mkono kidogo, anasoma tena. Kwa herufi, kuanzia A, kama daftari la mahudhurio.

Sasa, kwenye ramani unahesabu kutoka chini kwenda juu. Kwenye ukurasa wa wavuti sifuri iko juu, na namba zinakua kwenda chini. Mtu mwingine angejua siku ya kwanza, kwa kuandika mkono mmoja na kuutazama. Mwalimu alikuwa na tabia ya kusahihisha madaftari yote kwa pamoja. Hakufungua kivinjari mpaka alipomaliza herufi ya G. Nilikuwepo, nilikuwa nimempandishia chaja. Alifungua, na mikono ya mke wake yote ilikuwa imening'inia kichwa chini, kama popo.

Alikwenda kuwapa ng'ombe majani, na hawakuwa na njaa.

Niliwauliza vijana wa juu. Wakasema tiba yake ni mstari mmoja: unauambia ukurasa ugeuze kila kitu juu chini, kwisha. Nikaurudisha mlimani huo mstari ukiwa kwenye simu yangu, nikajisikia daktari.

"Weka huu, Mwalimu. Mmoja tu. Nani ataona?"

"Atakayefungua."

"Nani atafungua namba zako?"

"Ndiyo maana naziacha wazi. Akifungua akute namba inasema juu, na kidole kiko chini? Nitakuwa nimemwandikia uongo, halafu nikamwekea miwani ya kuusomea."

"Basi acha hizo za mwanzo. Anzia mwisho. Anza na yale majina, ndiyo hayapo kwingine. 'Baiskeli' iko kwenye kamusi ya mjini."

"Kamusi haianzii mwisho, mae."

Akarudia. A mpaka G, kwa mkono, namba kwa namba. Nilipiga hesabu ya muda uliokwenda hapo. Nikapiga mara ya pili nikidhani nimekosea. Siiandiki, haimrudishii kitu.

Msimu ule ndipo kompyuta ya zamani ilipoanza kugonga. Ukiweka sikio unasikia, tik, tik, kama mtu anayetaka kutoka. Diski ikigonga hivyo huna mazungumzo nayo. Na ni msimu huohuo mkono wa kulia wa Mwalimu ulipoanza kutetemeka. Hospitali walimpa jina la ugonjwa na vidonge, wakamwambia hautapona, utapunguzwa mwendo.

Nikapanda na mashine nyingine ya zamani kwenye gari. "Tutoe diski leo, tunakili, nikurudishie kabla ya jua kuzama."

"Haifunguliwi hiyo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu wa bisibisi. Matundu ya flashi alikuwa ameyaziba kwa nta ya mshumaa, kwa kuogopa virusi vya mjini. Hilo nilikuwa najua. Hili sikulijua.

"Saa ya ndani imechoka," alisema. "Ukiifungua, tarehe itapotea."

"Tutairudisha tarehe, Mwalimu. Ni kubonyeza tu."

Ndipo akanionyesha. Kijiprogramu kile kilikuwa kimepangwa kuacha kufanya kazi kikishaona siku yake ya kufa imefika. Kwa hiyo tarehe ya kompyuta ile alikuwa ameirudisha nyuma na kuiacha huko. Pembeni ya kioo palionyesha mwaka ambao mke wake yuko hai, na mwezi ambao hajaanza kukohoa.

"Ukishaiambia leo ni lini," alisema, "haitasahau."

Nimewashinda watu wengi kwa maneno. Nimewahi kumuuzia mtu chaja ya kompyuta asiyokuwa nayo. Siku ile nilibeba mashine yangu nikairudisha garini.

"Basi tukipige picha kioo, kwa simu. Mimi nitashika simu, wewe gusa maneno."

"Mtoto lazima aweze kuusimamisha mkono katikati. Aone kidole kinapita wapi. Video nzito, bando lake dogo." Halafu akaongeza, "Labda nikimaliza V."

Hakufika V. Diski ilikufa akiwa katikati ya U. Nilikwenda nayo kwa fundi wa Moshi, kisha kwa fundi wa Arusha, maana jibu la mtu mmoja si jibu. Wote wawili waliifungua, wakanionyesha alama ya mkwaruzo, mviringo safi kama wa sufuria jikoni.

Kamusi, hiyo aliyoiandika upya, iko mtandaoni hadi leo. Ina 'isale', ina 'mbege', ina 'mfongo'. Ina 'ubao', haina 'uji'. Haina 'wewe'. Haina 'yeye' wala 'zamani'. Haina majina.

Desemba iliyopita, watu walipokuwa wanapanda milimani kula sikukuu, nami nilipanda. Nilimkuta ameketi barazani na mgeni, fundi cherehani wa Kahe, kiziwi, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwalimu alikuwa hawezi tena kuongea kwa mikono. Ishara zilikuwa zinavunjika njiani. Kwa hiyo kati yao palikuwa na simu ya yule fundi, kioo kimepasuka pembeni, simu ambayo nisingeipokea hata kwa mkopo. Mwalimu aligusa neno kwa kifundo cha kidole. Mkono wa mke wake ukatoka, ukasema *kaa*. Akagusa tena, ukasema *kula*. Haukuomba ruhusa kwa mtu. Haukutetemeka.

Yule fundi aliaga kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu alipekua simu akitafuta la kumjibu, akafika U, akapekua tena, akamrudishia. Aliagana naye kwa kichwa.

Tukabaki wawili.

"Shikamoo tena, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuhesabu nini?"

"Lile jina lako. Ulisema nitaliona kamusi ikiisha."

"Imeisha," alisema. Halafu akasema, "Unalitazama tangu ulipoketi."

Nikatazama alikokuwa anatazama, gotini pake. Mkono wa kulia, kidole gumba kikisuguana na cha shahada, kikisuguana, kikisuguana, kama mtu anayefikicha kitu kilichokwisha zamani.

"Chaki," alisema. "Nilikuwa narudi shule nimefikicha vidole njia nzima. Akalichukua hilo. Akinihitaji aliniita hivi, amesimama mlango wa jikoni."

"Basi halikupotea."

"Lake lilikuwa mara mbili, halafu mkono unafunguka. Linaisha. Ndipo nilikuwa najua nimeitwa, niitike." Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, ukaendelea humohumo ndani. "Hili halifunguki."

Nikainua mkono wangu mahali anapoweza kuuona. Nikafikicha mara moja. Nikafikicha mara ya pili. Nikaufungua.

Mwalimu akainua kichwa upesi, kama mtu aliyeitwa, akageuka kutazama mlango wa jikoni.